Kifuko cha Nyongo: Ghala Dogo Linalosubiri Mlo

Katika majiko yetu kuna jambo moja ambalo kila mpishi hufundishwa mapema. Anapompasua kuku huliendea ini kwa uangalifu mkubwa, hukishika kifuko kidogo cha kijani kilichonata chini yake, na kukitoa pasipo kukitoboa. Kikipasuka, nyama yote huwa chungu na mchuzi humwagwa. Kwa sababu hiyo nyongo imepata sifa mbaya hata katika lugha yetu. Kitu kichungu kupita kiasi twasema ni chungu kama nyongo. Mtu asemaye maneno ya chuki twasema anatema nyongo. Na mtu anayeamka asubuhi mdomo wake ukiwa mchungu, kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka, huambiwa na jirani zake: "Hiyo ni nyongo. Itapike, utapona."

Makala haya yanakusudia kueleza nyongo ni kitu gani, kifuko chake kina kazi gani, na jinsi vyote viwili vinavyohusika na namna mwili unavyokitumia chakula. Sikuyaandika kwa sababu ya udadisi wa kitaaluma peke yake. Niliyaandika kwa sababu ya swali nililoulizwa na shangazi yangu.

Shangazi ni mkulima anayeishi Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi aliteswa na maumivu yaliyomjia usiku, aghalabu baada ya karamu ya arusi au ya sikukuu, alipokuwa amekula pilau na nyama yenye mafuta. Yalianza chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi mgongoni na begani, yakadumu saa mbili au tatu, kisha yakatoweka kana kwamba hayakuwapo. Majirani walimwambia kuwa ana nyongo. Alichemsha mizizi michungu, akanywa, akatapika maji ya kijani. Na kwa kuwa maumivu ya namna hiyo hupoa yenyewe, aliamini kwamba dawa imemponya. Mara ya nne yalikuja pamoja na homa, na macho yake yakawa manjano. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali mjini Morogoro. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha vijiwe ndani ya kifuko cha nyongo, na kimoja kilikuwa kimeteremka na kuuziba mrija. Kijiwe kiliondolewa, na baadaye kifuko chenyewe kikatolewa.

Siku nilipokuwa namrudisha nyumbani alinyamaza kwa muda mrefu garini, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wamenitoa nyongo. Sasa chakula changu kitasagwa na nini?"

Swali hilo lastahili jibu kamili. Nitalijibu hapa kwa kirefu kuliko nilivyoweza kulijibu njiani.

Nyongo yatoka wapi?

La kwanza kufahamu ni kwamba nyongo haitengenezwi na kifuko chake. Hutengenezwa na ini. Usiku na mchana, tukila au tukifunga, seli za ini hutoa nyongo, na kwa mtu mzima kiasi chake kwa siku moja ni kati ya nusu lita na lita moja. Sehemu kubwa ni maji. Ndani ya maji hayo mna vitu vinne vinavyotuhusu sana: chumvi za nyongo, lesithini, kolesteroli na bilirubini.

Chumvi za nyongo ndizo zenye kazi kubwa kuliko vingine vyote. Kila aliyewahi kuosha sufuria ya nyama kwa maji matupu anajua kwamba mafuta na maji havipatani. Mafuta huelea, hushikamana na sufuria, wala hayaondoki mpaka sabuni itiwe. Tumboni mambo ni yale yale. Vimeng'enya vya kongosho, ambavyo ndivyo vinavyovunja mafuta, hufanya kazi yake katika maji, ilhali mafuta tunayokula hukusanyika katika matone makubwa. Chumvi za nyongo huyagawa matone hayo kuwa madogo mno, kisha huyachukua mazao yake hadi kwenye ukuta wa utumbo yapate kufyonzwa. Pasipo chumvi hizo sehemu kubwa ya mafuta hupita na kutoka pamoja na choo, na vitamini A, D, E na K, ambazo huyeyuka katika mafuta, hupotea nayo.

Bilirubini ndiyo rangi ya nyongo. Chembe nyekundu za damu huishi siku zipatazo 120, kisha huvunjwa, na mabaki ya rangi yake huchukuliwa na ini na kutolewa kwa njia ya nyongo. Ndiyo maana njia ya nyongo ikiziba, macho huwa manjano, mkojo hukolea kama chai ya rangi, na choo hupauka.

Kolesteroli nayo ina habari yake. Mwili waihitaji kwa kujenga kuta za seli na kwa kutengeneza homoni, lakini iliyozidi haina njia nyingine kubwa ya kutoka isipokuwa nyongo. Tena haiyeyuki katika maji. Ndani ya nyongo hubebwa na chumvi za nyongo zikisaidiana na lesithini, kama abiria anayevushwa mto kwa mtumbwi. Abiria wakizidi mitumbwi, msiba hutokea. Tutaliona jambo hilo mbele.

Kazi ya ghala

Ikiwa ini latoa nyongo saa zote, na binadamu hali saa zote, basi pahitajika mahali pa kuiweka. Mahali hapo ndipo kifuko cha nyongo, chenye umbo la pea, kilichojificha chini ya ini upande wa kulia. Wakulima wa Kilosa hujenga kihenge cha kuhifadhi nafaka. Kihenge hupokea kwa mkupuo wakati wa mavuno, kisha hutoa kidogo kidogo mwaka mzima. Kifuko cha nyongo hufanya kinyume chake: hupokea kidogo kidogo kati ya mlo na mlo, kisha hutoa kwa mkupuo.

Ghala lenyewe ni dogo. Huchukua mililita 30 hadi 50 tu, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Lakini ukuta wake hufyonza maji na chumvi za kawaida, hata nyongo ikabaki imekolea mara tano hadi kumi kuliko ilivyotoka katika ini. Kwa njia hiyo nyongo ya saa nyingi hutosha katika kifuko kidogo namna hiyo.

Nani hulifungua ghala? Mwaka 1928, katika mji wa Chicago nchini Marekani, A. C. Ivy na Eric Oldberg walionyesha kwamba mafuta yanapoingia katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo huo hutoa homoni katika damu. Waliiita kolesistokinini, jina la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachokitikisa kifuko cha nyongo. Homoni hiyo hukifanya kifuko kijikaze, na wakati huohuo hukilegeza kijilango kilichopo mwisho wa mrija. Nyongo iliyokolea humiminika juu ya chakula wakati hasa inapohitajiwa. Homoni hiyo hiyo hulihimiza kongosho litoe vimeng'enya vyake, na huupasha ubongo habari kwamba chakula kimefika na shibe i njiani.

Baada ya kazi, chumvi za nyongo hazitupwi. Mwili mzima una gramu chache tu za chumvi hizo, na kiasi hicho hakiwezi kutosha kwa mlo wa siku moja kama kingetumika mara moja na kwisha. Zikifika mwisho wa utumbo mwembamba, asilimia 95 hufyonzwa tena na kurudishwa kwenye ini kwa njia ya damu, mfano wa magunia matupu yanayorudishwa shambani yakajazwe tena. Safari hiyo hufanyika mara kadhaa kila siku. Zile chache zinazopotea ini huzifidia kwa kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli. Hivyo kila chumvi ya nyongo inayopotea ni kolesteroli iliyopunguzwa mwilini. Vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama vile maharage, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa, husaidia kuzichukua baadhi ya chumvi hizo na kuzitoa nje.

Somo la Mbuga ya Mikumi

Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa na Zambia hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Tulipofika katika uwanda wa Mkata, kundi la pundamilia lilikuwa likila majani si mbali na barabara. Nilimwambia shangazi: "Watazame hao. Hakuna hata mmoja mwenye kifuko cha nyongo." Alidhani ninamtania.

Sikuwa namtania. Pundamilia, farasi na punda, ambao ni ukoo mmoja, wote hawana kifuko cha nyongo. Tembo hana. Twiga kwa kawaida hana. Njiwa hana, ingawa kuku anacho. Katika mbuga hiyohiyo simba anacho, nyati anacho, nyumbu anacho, na chatu anacho. Jambo hili si ugunduzi wa juzi. Mgiriki Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba farasi na tembo hawana kifuko hicho, na akaongeza kwamba ukilikata ini la tembo mahali ambapo kifuko kingekuwapo, majimaji yanayofanana na nyongo hutiririka.

Maneno hayo ya Aristotle yana ukweli mkubwa. Wanyama hao hawakukosa nyongo; wamekosa ghala lake. Ini la pundamilia hutoa nyongo mfululizo, nayo hushuka moja kwa moja katika utumbo. Naye pundamilia hutumia sehemu kubwa ya mchana na usiku akila majani yenye mafuta machache. Chakula chake hushuka mfululizo, na nyongo yake hali kadhalika. Simba ana desturi nyingine. Huweza kukaa siku kadhaa pasipo mlo, kisha akala nyama na mafuta kwa wingi kwa mara moja. Mnyama wa namna hiyo anafaidika sana na ghala.

Hata hivyo tusiharakishe kuifanya hiyo kuwa kanuni isiyovunjika. Nyati na twiga wote wawili hucheua, na wote hula kwa muda mrefu kila siku, lakini mmoja anacho kifuko na mwingine kwa kawaida hana. Urithi wa ukoo una nafasi yake pamoja na namna ya kula. Kwa binadamu fundisho lililo wazi ni hili: nyongo ni ya lazima kwa uhai, bali kifuko ni chombo cha kupanga wakati wake. Binadamu hula kama simba kuliko alavyo pundamilia, yaani kwa milo iliyotengana. Na kwa hiyo ghala lamfaa, ingawa aweza kuishi bila ya hilo.

Nyongo ni mjumbe pia

Hadi mwishoni mwa karne iliyopita vitabu vingi vya wanafunzi viliieleza nyongo kama sabuni ya tumboni tu. Mwaka 1999 maabara tatu zilitangaza, kila moja kwa uchunguzi wake, kwamba ndani ya seli za ini na za utumbo kuna kipokezi kiitwacho FXR ambacho huamshwa na asidi za nyongo. Miaka michache baadaye, mwaka 2002 na 2003, kilielezwa kipokezi cha pili, kiitwacho TGR5, kilichopo juu ya ukuta wa seli. Tangu hapo wanasayansi wamelazimika kuitazama nyongo kwa jicho jingine. Imedhihirika kwamba nyongo huchukua ujumbe kama zichukuavyo homoni.

Ujumbe wenyewe wahusu umetaboli, yaani jumla ya kazi zote za kikemikali zinazougeuza mlo kuwa nguvu, joto na akiba ya mwili. Chumvi za nyongo zinapofika mwisho wa utumbo mwembamba huzichochea seli za pale kutoa homoni iitwayo FGF19. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ini, na huliambia lipunguze kutengeneza chumvi mpya na liweke akiba ya sukari. Katika majaribio ya panya homoni ya aina hiyo imeonekana pia kukilegeza kifuko cha nyongo ili kijae tena. Kwa njia ya TGR5, asidi za nyongo husaidia kutolewa kwa homoni nyingine, GLP-1, ambayo huongeza insulini baada ya mlo na kupunguza njaa. Dawa kadhaa za kisukari na za unene zinazotumika leo zimetengenezwa kwa kuiga homoni hiyo.

Hapa ndipo kifuko cha nyongo kinapopata heshima mpya. Kwa kukusanya nyongo na kuiachilia wakati wa mlo, huufanya ujumbe huo upande na kushuka kwa kufuata chakula. Mtu aliyetolewa kifuko huendelea kupata ujumbe, lakini mpangilio wake hubadilika, kwani nyongo hushuka kidogo kidogo na kuzunguka mara nyingi zaidi. Mwaka 2013 wachunguzi wa Marekani walitoa taarifa kwamba, katika takwimu za afya za nchi hiyo, watu waliotolewa kifuko cha nyongo walionekana kuwa na mafuta katika ini mara nyingi zaidi kuliko wengine. Yafaa tuwe waangalifu. Uhusiano wa mambo mawili si uthibitisho kwamba moja limelizaa la pili, kwa maana unene na kisukari huleta vijiwe na huleta pia mafuta katika ini. Lakini habari hiyo yatosha kutuonya kwamba aliyetolewa kifuko hapaswi kuyasahau maradhi yaliyokileta kisu.

Vijiwe hutokeaje?

Turudi kwenye mtumbwi wetu. Kolesteroli ikizidi uwezo wa chumvi za nyongo na lesithini kuibeba, huanza kuganda katika chembe ndogo. Kifuko kinachojikaza vizuri huzisukuma nje kabla hazijakua. Kifuko kilicholegea, au kisichofunguliwa kwa muda mrefu, huziacha zikae, zikutane, zikawe mchanga na hatimaye vijiwe. Hivyo mambo mawili hushirikiana: nyongo iliyoharibika mizani, na ghala lisilofunguliwa.

Yanayoharibu mizani yanajulikana: unene, kisukari, umri, na homoni za kike, ambazo ndizo sababu mojawapo ya wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, kupata vijiwe kuliko wanaume. Yanayolifunga ghala yanajulikana pia: kukaa muda mrefu sana bila chakula, na kupunguza uzito kwa haraka kupita kiasi. Mtu anayejinyima hata akapungua zaidi ya kilo moja na nusu kila juma hujiongezea hatari ya kupata vijiwe, ijapokuwa nia yake ni njema. Saumu ya Ramadhani isichanganywe na njaa ya namna hiyo, kwani mfungaji hufuturu jioni na hula daku, na kifuko chake hupata kufunguka. Lakini mwenye vijiwe vinavyomsumbua yafaa amwone daktari kabla ya mwezi wa mfungo.

Waganga na wachunguzi walijifunza mengi juu ya mizani hiyo hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1964 Dk. George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika. Walitazamia kwamba watu waishio kwa maziwa na nyama wangekuwa na maradhi ya moyo kwa wingi. Badala yake walikuta dalili chache mno. Mwaka 1971 kundi jingine la wachunguzi, ambamo walikuwamo K. Biss na C. B. Taylor, liliandika kwamba nyongo ya Wamasai ilikuwa na asidi za nyongo na lesithini nyingi kwa kulinganisha na kolesteroli, na kwa hiyo vijiwe vilikuwa adimu sana kwao. Mitumbwi ilikuwa mingi kuliko abiria.

Jamaa za watu hao wapo Kilosa hadi leo, katika vijiji kama Parakuyo na Twatwatwa. Lakini urithi mwema hauwezi kumkinga mtu na kila kitu. Wachunguzi wale waliwapima wachungaji waliotembea na mifugo tangu alfajiri hadi magharibi. Leo mtoto wa mchungaji aweza kuwa dereva wa lori. Mikumi ni mji wa njiani. Madereva hufika usiku, wakiwa wameketi kutwa nzima, wengine pasipo chakula cha maana tangu asubuhi; huagiza chipsi mayai, nyama choma na soda mbili, kisha hulala. Upande wa kusini, kuelekea Ruhembe, miwa imejaa mashamba, na sukari imekuwa kitu cha kila siku katika nyumba ambazo zamani ziliinunua kwa sikukuu. Mwili ulio na sukari iliyozidi na usiotembea huzidisha kolesteroli katika nyongo. Kwa hiyo ugonjwa tuliozoea kuuhesabu kuwa wa matajiri wa ng'ambo umekwisha kupanda basi na kuteremka kwetu.

Ipo aina nyingine ya vijiwe, myeusi, isiyotokana na mlo. Katika ugonjwa wa selimundu chembe nyekundu za damu huvunjika mapema mno, bilirubini huzidi, na vijiwe huweza kutokea hata kwa mtoto. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Mzazi wa mtoto wa aina hiyo anapoona maumivu ya upande wa kulia na umanjano uliozidi wa kawaida, asiseme ni hali yake ya siku zote, ampeleke akapimwe.

Msomaji asiingiwe na hofu kupita kiasi. Watu wengi wenye vijiwe huishi navyo hadi kufa pasipo kusikia maumivu, na kijiwe kilichonyamaza kwa kawaida huachwa. Kinachotibiwa ni kijiwe kinachosumbua. Carl Langenbuch wa Berlin alikitoa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza tarehe 15 Julai 1882, na mgonjwa wake akapona. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani pia, alikitoa kwa kupitisha vyombo vyembamba katika matundu madogo tumboni, na njia hiyo sasa imeenea duniani.

Hatari iliyomo katika jina

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Watu wetu wengi huita "nyongo" kila hali ya mdomo mchungu na matapishi ya kijani au ya manjano. Ukweli ni kwamba mtu yeyote atapikaye mara nyingi huku tumbo lake likiwa tupu atatoa nyongo, kwa sababu utumbo hurudisha juu kilichomo. Nyongo inayoonekana katika beseni si ugonjwa uliotoka. Ni dalili kwamba tumbo halina kingine cha kutoa. Ugonjwa wenyewe huenda ukawa malaria, ambayo ingalipo katika mabonde ya Kilosa, nayo hupimwa kwa tone moja la damu. Mtoto mwenye homa anayetapishwa kwa dawa chungu ili "nyongo itoke" hupoteza maji na hupoteza saa, na kwa malaria kali saa ni uhai.

Woga wa nyongo umekwisha kuleta madhara makubwa kuliko hayo. Katika nchi nyingi za Afrika huaminiwa kwamba nyongo ya mamba ni sumu isiyo na dawa. Mwezi Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na mara moja ilisemwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta jambo jingine: unga uliotumika ulikuwa umeota bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, atengenezaye sumu kali iitwayo asidi ya bongkreki. Hapakuwa na mchawi wala mamba. Kulikuwa na unga ulioharibika.

Basi yafaa tuyashike machache. Maumivu ya chini ya mbavu za kulia yanayorudi baada ya mlo wa mafuta yapimwe kwa mawimbi ya sauti. Maumivu hayo yakija na homa au macho ya manjano, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asingoje dawa ya mizizi. Homa na matapishi ipimwe malaria kwanza. Na kwa sisi tulio wazima, ghala letu lataka milo ya wakati maalumu, nyuzinyuzi, sukari kidogo, na miguu inayotembea.

Shangazi sasa anakula kama watu wengine. Miezi ya kwanza alipunguza mafuta na kuigawa milo yake kuwa midogo, na tumbo lililomwendesha mwanzoni likatulia. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa akimpasua kuku kwa ajili yangu. Alikitoa kifuko cha nyongo pasipo kukitoboa, akakiinua kwenye ncha ya kisu, akakitazama.

"Kumbe kitu chenyewe ndicho hiki," alisema. "Nami nilikuwa nikidhani ni uchafu."